Uso Uliopigwa Pasi

"Usitikisike."

"Sijatikisika."

"Umetikisa nyusi."

"Nyusi ni zangu, Kijiti. Nimekuazima uso, sikukuuzia."

Mama Magodoro aliuma midomo asicheke. Tangu aanze kumchora Mwalimu alikuwa amejifunza kwamba ukicheka naye mara moja tu, kazi imekwisha. Atavuta kiti karibu, ataanza hadithi za wanafunzi wake waliokuwa wakichora kuku wenye miguu minne, na mwanga wa dirishani utahama kabla brashi haijalowa. Kwa hiyo alijitia ukali, akachovya brashi na kurudi kwenye turubai.

Chumba kilikuwa ghorofani, juu ya duka la kwanza la familia. Zamani kilikuwa stoo ya vitambaa vya kuvalisha magodoro, na hata sasa ukivuta pumzi vizuri ulipata harufu ya sponji mpya na gundi chini ya harufu ya rangi za mafuta. Ile meza ndefu ya kukatia vitambaa ilikuwa imejaa mirija ya rangi, matambara na makopo ya brashi. Dirisha lilikuwa moja, pana, na ndilo lililomfanya akichague chumba hiki akaiacha ofisi yenye kiyoyozi na zulia. Watu wa mtaani walijiuliza ni bosi gani mwenye akili timamu anayekuja kujitesa kwenye joto namna hii, halafu wakajijibu wenyewe kwamba ni mapenzi hayo. Hawakukosea sana.

Alipokuwa msichana chuoni alikuwa mwembamba mpaka wenzake wakamwita Kijiti, na alikuwa akichora mpaka anasahau kula. Kisha baba yake akafariki. Duka likabaki mikononi mwake na wadogo zake wakabaki mgongoni mwake, akaweka brashi chini akashika mkasi wa sponji. Duka likawa kiwanda, kiwanda kikawa kampuni. Akaolewa, akapata mtoto mmoja wa kiume, akafiwa na mume. Kijana mmoja wa darasa la uchoraji, waliyependana naye hata wasiweze kuaminiwa kukaa meza moja wakati wa mtihani, alibaki nyuma akawa mwalimu wa sanaa.

Walionana tena wote wana mvi. Yeye alikuwa amestaafu, amemkabidhi mwanawe kampuni, akajiandikisha kwenye darasa la uchoraji la watu wazima. Mwalimu akaingia na penseli nyuma ya sikio, akamwona, akaangusha mkoba.

"Kijiti?"

"Kijiti kilishavunjika zamani," alimjibu huku akijipiga nyonga zake nene. "Hili ni gogo."

Tangu siku ile hawakuwa wameambiana neno la mapenzi hata moja. Walikuwa wakizungukana tu, yeye akitazama kwa kisingizio cha kuchora, naye Mwalimu akitazamwa kwa kisingizio cha kuchorwa.

"Haya," alisema, akaweka brashi kwenye kopo. "Nimemaliza. Njoo uone."

Mwalimu alinyanyuka. Magoti yakalia, mgongo nao ukalia, akacheka mwenyewe. Alivaa miwani yake akaja kusimama nyuma ya bega la Mama Magodoro, karibu kabisa, mpaka mama wa watu akahisi joto la pumzi yake shingoni na moyo ukaanza kumwenda mbio kama wa msichana. Alisubiri asifiwe. Alikuwa na haki ya kusubiri, maana picha ilikuwa nzuri. Mwanamume aliyekuwa kwenye turubai alikuwa na taya imara, ngozi nyororo, macho yanayong'aa.

Mwalimu aliisogelea, akarudi nyuma hatua moja.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Acha utani wako."

"Sitanii. Nakuuliza."

"Ni wewe! Nani mwingine amekaa kwenye kile kiti?"

"Mimi nina kunyanzi hapa." Alijigusa katikati ya nyusi. "Hili nililipata kwa kukazia macho kazi za wanafunzi. Hili la pembeni mwa mdomo ni la marehemu mke wangu, alikuwa mchekeshaji yule, hakunipa nafasi ya kununa. Na hii mifuko ya chini ya macho ilikuja nilipokuwa nikimuuguza. Sasa umevipeleka wapi vitu vyangu?"

"Nimekupendezesha kidogo tu, jamani."

"Umenipiga pasi, Kijiti. Umenitandika kama kitanda cha wageni."

Mama Magodoro aliangua kicheko. Alipogeuka akakuta mwenzake hacheki, na kicheko kikamkauka mdomoni.

"Watu wakichorwa wanataka kupendeza," alisema, sauti ikianza kupanda. "Nimehudumia wateja maisha yangu yote. Najua mtu anataka nini hata kabla hajafungua mdomo."

"Mimi si mteja wako, Mkurugenzi."

Hakuwahi kumwita hivyo. Neno lenyewe halikuwa tusi, wengi walimwita hivyo kwa heshima, lakini kutoka kwenye kinywa kile lilimchoma.

"Unataka nini basi?" aliuliza. "Nimesimama mbele ya picha hii mpaka miguu imevimba. Nimekuchora kwa moyo wangu wote!"

"Umemchora yule kijana wa chuoni. Ndiye uliyekuwa ukimwazia muda wote huu, mimi nikiwa nimekaa pale naumia mgongo." Mwalimu alivua miwani. "Unajua inavyouma? Nakaa mbele ya mwanamke ninayempenda, ananitazama kutwa nzima, nami nafurahi kama mjinga kwamba ananitazama. Kumbe hanioni."

Chini dukani mtu alikuwa akiburuta godoro.

"Umesema nini?" aliuliza Mama Magodoro polepole.

"Nimesema mgongo unaniuma."

"Kabla ya hapo."

Mwalimu alichukua koti lake kwenye msumari. Alikuwa mtu mpole, na watu wapole wakikasirika hawajui waanzie wapi, kwa hiyo alivaa mkono mmoja akasahau wa pili. Mlangoni aligeuka.

"Mimi sikuja hapa kukumbukwa," alisema. "Nilikuja kuonwa. Siku ukiwa tayari, nitakuja. Ila kuchukuliwa vipimo na mtu anayenifikiria nilivyokuwa, hapana. Nimezeeka, Kijiti, na uzee wangu sijaukataa."

Akashuka ngazi, mkono mmoja wa koti ukimning'inia.

Mama Magodoro alibaki amesimama katikati ya chumba. Nani alimwambia aanze mambo haya? Ofisini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba haoni. Ofisini alikuwa akiongea mara moja, na mambo yanatendeka. Sasa yuko hapa, aproni imechafuka, amemwudhi mtu mmoja tu duniani ambaye maoni yake aliyajali, na picha aliyodhani ndiyo bora kuliko zote haifai. Machozi yalimlenga. Aliyafuta kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa na rangi.

Alisikia hatua ngazini na moyo ukaruka. Lakini hatua zilikuwa za viatu vya ngozi, za haraka. Alikuwa mwanawe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Mbona Jumamosi na suti?"

"Nimetoka kikaoni." Kijana alitafuta mahali safi pa kuegemea, hakupaona, akabaki amesimama na simu mkononi. "Yule mzee wako nimempita chini. Kakaa kwenye godoro la maonyesho kama yuko kwake. Nimemwambia 'vipi mzee', hata hajaitikia vizuri."

Kwa hiyo hakuwa ameondoka. Mama Magodoro alishusha pumzi kidogo. Halafu akayasikia yale maneno mengine.

"Mtu anayelingana na mama yako unamwambia 'vipi mzee'?"

"Mama, sikuja kwa ajili yake." Kijana alisogea. "Wale wenye mahoteli wamekubali. Wanataka magodoro ya vyumba vyote, Jumatatu tunasaini. Ila wanataka wewe uwepo. Urudi mezani, uongoze kazi yao mpaka iishe. Miaka mitatu tu."

"Kampuni nilikukabidhi wewe."

"Najua. Lakini wanakujua wewe. Kila mtu anakujua wewe." Alipapasa tai yake. "Na tuseme ukweli, Mama. Shangazi zangu wananipigia simu kila siku. Wanauliza mama yako amepatwa na nini, anajifungia ghorofani na mwanamume."

"Hatujifungii. Kitasa kibovu, mlango haufungi. Waambie waje wakitengeneze."

"Mama!"

"Nasikiliza."

"Kama ni kuchora, utachora ukipumzika. Jumapili. Hakuna anayekukataza." Aligeukia turubai kwa mara ya kwanza, akainamisha kichwa. "Halafu ni nzuri kweli, sikudanganyi. Huyu ni nani, mdogo wake yule mzee?"

Masikini, hakujua alichosema. Mama Magodoro aliketi kwenye ukingo wa meza kama mtu aliyekatwa miguu. Mwalimu angeweza kuwa na hasira, angeweza kuwa na wivu wa ujana wake mwenyewe. Lakini huyu hakuwa na sababu yoyote ya kudanganya, naye amemwona mzee chini muda huo huo, akapanda ngazi na kumkuta mtu mwingine juu.

"Mama? Gari liko chini. Twende tukawapigie simu pamoja, wasikie sauti yako."

Hatakuwa wa kwanza kurudi, aliwaza. Watu wanajaribu jambo, linawashinda, wanarudi walikotoka na hakuna anayewacheka mbele yao. Alipeleka mikono mgongoni akafungua fundo la aproni. Kijana aliona, uso ukamchangamka, akaokota mkoba wa mama yake kutoka sakafuni. Kola ya koti lake ilikuwa imejikunja. Mama Magodoro, bila kufikiri, aliunyoosha mkono wa kushoto akaipitishia kiganja ili ilale.

Mkono ukasimama papo hapo.

Kiwandani mkono huo ulikuwa na sifa zake. Wafanyakazi walikuwa wakiuogopa kuliko mashine. Alikuwa akipita kati ya magodoro yaliyoshonwa, mkasi mkono wa kulia, kiganja cha kushoto kikiteleza juu ya kitambaa, na mahali kiganja kilipokutana na mkunjo, godoro lilirudi likafumuliwe. Hakuna mkunjo uliowahi kumpita. Alikuwa akijivunia hilo. Sasa aliutazama mkono wenyewe, umetulia kwenye kola ya mwanawe, na kwenye ncha ya kidole gumba palikuwa na rangi ya ngozi ya Mwalimu. Kwa kidole hicho alikuwa amepapasa kila kunyanzi alilolichora mpaka likapotea, siku baada ya siku, bila hata kujua kwamba anafanya hivyo.

"Ewe mkono," alinong'ona.

"Nini, Mama?"

Aliinua macho kumtazama mwanawe. Alimtazama kama asiyemjua. Katikati ya nyusi palikuwa na mfereji, wa marehemu baba yake kabisa. Mashavu yalikuwa yamebonyea. Mdomo wa chini ulikuwa na kidonda kidogo mahali alipokuwa akiuuma. Tangu lini? Huyu mtoto alikula naye chakula cha mchana kila Jumapili.

"Kaa," alisema.

"Mama, nimeacha gari linanguruma."

"Lingurume. Kaa kwenye kile kiti."

Mji mzima ulikuwa ukiijua sauti ile, na kijana alikaa kabla hajaamua kukaa. Mama Magodoro alibandika karatasi kwenye ubao, akachukua kipande cha mkaa wa kuchorea. Kisha akafanya jambo lililomfanya mwanawe akunje uso zaidi: alifunga tena aproni yake, akauchomeka mkono wa kushoto ndani ya kamba ya kiunoni, ukabanwa pale kama wa mgonjwa.

"Umeumia mkono?"

"Una tabia mbaya. Nimeufunga. Tazama dirishani."

Alichora. Kila alipoweka mstari, mkono uliofungwa ulivutavuta ukitaka kuja kuufuta, naye aliubana kiunoni. Aliweka mfereji wa nyusi. Aliweka shavu lilivyobonyea. Alipofika kwenye kile kidonda cha mdomoni mkaa ulisita, maana ni vigumu kumchora mwanao anavyoteseka na usitake kumponya kwa kidole, lakini alikiweka hivyo hivyo. Alipomaliza alibandua karatasi akampa.

Kijana aliinua karatasi kwenye mwanga.

"Nimechoka hivi?"

"Hivyo hivyo."

"Mbona kila mtu ananiambia nimependeza?"

"Kwa sababu wewe ndiye bosi wao."

Alitaka kucheka, ikashindikana. Alishusha karatasi magotini. Alipoongea hakuwa tena mkurugenzi wa mtu.

"Wale watu hawajakuulizia, Mama. Ni mimi. Niliwaona wanasitasita, nikasema mama atakuwepo. Imenitoka tu. Naogopa. Naingia pale kila asubuhi naogopa nitaivunja kazi yako."

Moyo wa mama ulitaka kusema basi, twende. Alikuwa na mdomo wazi tayari. Akaufunga. Aliwaza chumba hiki kikirudi kuwa stoo, rangi zikikauka ndani ya mirija, na mtu aliyekaa chini kwenye godoro la maonyesho akichoka kusubiri na kwenda zake, safari hii moja kwa moja. Alikuwa ameweka brashi chini mara moja. Mara ya pili hataiokota, alilijua hilo kama anavyojua umri wake.

"Mimi nilipoanza nilikuwa natapika nyuma ya duka kabla ya kufungua mlango," alisema. "Muulize shangazi yako mkubwa, ndiye aliyekuwa akinishika kichwa. Ogopa, mwanangu, lakini ingia. Jumatatu utaingia peke yako."

"Wakiniuliza mama yako yuko wapi?"

"Waambie yuko kazini."

Kijana alimtazama, akatazama meza iliyojaa rangi, akamtazama tena.

"Na yule mzee?"

"Nampenda. Nakuambia kwa mdomo wangu usije ukaambiwa na shangazi zako kwa kutia chumvi."

"Na Baba je?"

"Baba yako nilimpenda, nikamuuguza, nikamzika. Hakuna anayemtoa mahali pake. Huyu ana mahali pake mwenyewe." Sauti yake ilitetemeka lakini hakuishusha. "Sikuombi ruhusa. Nakuomba adabu."

Alichukua kisu cha rangi, akakiegesha juu ya paji la uso wa yule kijana mzuri wa kwenye turubai, akakivuta mpaka kidevuni. Rangi mbichi ikakunjika mbele ya kisu na kudondoka.

"Mama! Ilikuwa nzuri!"

"Ndiyo maana naitoa mwenyewe, kabla sijaionea huruma." Akavuta tena, na tena, mpaka pakabaki kivuli tu. "Sasa shuka, uzime hilo gari, halafu umwambie Mwalimu kwamba mwanga haujaisha."

Kijana alisimama. Aliikunja picha yake kwa uangalifu, akaitia ndani ya koti upande wa moyoni, akaenda. Mama Magodoro alisimama juu ya ngazi asikilize, haya za utu uzima akaziweka kando. Alisikia viatu vikishuka. Alisikia gari likinyamaza. Kisha sauti ya mwanawe, ya chini, ya mtoto aliyelelewa vizuri akajisahau kidogo:

"Shikamoo, Mwalimu."

Alisikia mtu akijiinua kwenye godoro.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama anasema mwanga haujaisha."

Mwalimu alipanda taratibu, magoti yakilia kila ngazi. Alipoingia, koti bado lilikuwa mkono mmoja. Aliutazama uso wake uliokwanguliwa, akautazama mkono uliofungwa kiunoni, naye alikuwa amefundisha watu kuchora kwa muda wa kutosha hata asiulize. Alikwenda akaketi kwenye kiti chake.

"Muda ule ulisema nini?" Mama Magodoro aliuliza akichagua brashi.

"Mgongo unaniuma."

"Mimi pia nakupenda. Tulia sasa."

Mwalimu alitulia kama aliyemwagiwa maji. Mama Magodoro alimtazama. Hakuharakisha. Alitazama mifuko ya chini ya macho, ngozi ya shingo iliyolegea, mvi zilizoota hata masikioni, na kila alichokiona kilikuwa cha mtu huyu mmoja aliyepanda ngazi na magoti mabovu kwa ajili yake. Akamuaga yule kijana wa chuoni pale pale, kwa heshima zake zote.

"Tabasamu," alisema.

"Si ulisema nisitikisike?"

"Nilikosea. Tabasamu niyaone yote."

Mwalimu alitabasamu. Mkono wa kushoto ukavuta kamba ya aproni, ukagoma kutoka, ukatulia. Mama Magodoro akaanza na lile kunyanzi la pembeni mwa mdomo, lile ambalo mwanamke mwingine alilianzisha kwa kuchekesha, akalichora lilivyo na hakuligusa tena.